Mizani ya mtoto ikaguliwe kama ya kahawa

MKULIMA wa kahawa wa Nyakakika, wilayani Karagwe, hahitaji kufundishwa hasara ya mizani mbovu. Mshale usipoanzia sifuri, kila gunia hupunjwa kilo, na mwisho wa msimu pengo huonekana mfukoni. Mizani ya kliniki ya watoto nayo inastahili jicho hilo hilo.

Kipimo chochote cha afya huulizwa maswali mawili. Kikirudiwa, kinatoa jibu lile lile? Na je, kinapima kile kinachotafutwa?

Mizani inayopunguza nusu kilo kila mara hufaulu swali la kwanza, lakini inadanganya kila siku. Dawa yake inajulikana: ianzie sifuri, ijaribiwe kwa jiwe la uzito unaojulikana, mtoto avuliwe nguo nzito na apimwe mara mbili.

Swali la pili ni gumu zaidi. Kanda ya mkono hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni utapiamlo wa wastani. Lakini kanda hiyo huonyesha ukondefu, si udumavu. Mtoto anayeshiba ndizi huku maharage na mayai yote yakipelekwa sokoni anaweza kuonekana salama kwenye kanda, kumbe urefu wake umebaki nyuma ya umri.

Udumavu hutambuliwa kwa ubao wa urefu na tarehe sahihi ya kuzaliwa. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa akiwa amelala. Akisimamishwa, urefu hupungua kwa takriban sentimita 0.7, naye ataandikwa mfupi kuliko alivyo.

Hasara ya kutogundua mapema ni kubwa. Utafiti wa afya na maendeleo ulioanza mkoani Kagera mwaka 1991 hadi 1994 ulipima urefu na uzito katika kaya zaidi ya 900, kisha watafiti wakarudi mwaka 2004. Ilionekana kwamba waliokuwa na lishe duni utotoni walisoma madarasa machache zaidi.

Kwa hiyo mzazi anapokwenda kliniki aulize: mizani imeanzia sifuri? Mtoto amepimwa urefu, au uzito tu? Tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi ni sahihi? Maswali hayo hayana gharama.