Je, Wajua? Sigara ya Umeme Ina "Sikio"

Sigara nyingi za umeme hazina swichi. Mvutaji anavuta tu, nayo inawaka. Siri yake ni kihisio kidogo cha mviringo, mfano wa kifungo cha shati, kilichoundwa karibu sawa na maikrofoni ya simu. Ukivuta, shinikizo la hewa ndani hushuka, utando mwembamba hupinda, na chipu huruhusu umeme wa betri ya lithiamu, volti 3.7 hivi, kufika kwenye koili. Koili hupata moto na kugeuza maji ya nikotini kuwa mvuke. Ndiyo maana anayepanua tundu la hewa kwa sindano "ili ivute vizuri" huweza kuambulia kifaa kisichoamka: hewa inapita kwa ulaini mno, utando haupindi.

Mfamasia wa China, Hon Lik, ndiye anayetajwa kubuni sigara ya umeme ya kisasa mwaka 2003. Lakini hesabu ya hewa haikuanza naye. Wazee wa Unguja walikuwa na kiko cha maji: bori la udongo juu, digali likishuka hadi kwenye kifuu cha nazi chenye maji, na shilamu ya kuvutia. Moshi ulibubujika majini, na mlio ule ulikuwa na jina lake kabisa: malio ya kiko. Kikikaa kimya, njia imeziba!

Tukirudi kwenye sigara ya umeme: ukiokota iliyotupwa kichochoroni Mji Mkongwe, usiitoboe wala kuitia motoni. Maji ya nikotini huenda yamekwisha, ila betri mara nyingi bado ina umeme, na ikitobolewa huweza kulipuka moto.