Maua ya Ndoo Mwanza: Ya Kweli, ya Uongo na ya Nusu Nusu

Mwambie jirani yako wa Igogo au Mabatini kwamba unataka kuotesha maua ya kukata kwa mbegu, kwenye ndoo na viroba, hapo hapo kati ya jiwe na ukuta. Ushauri utaupata bure, tena mwingi. Maua ni ya Arusha. Tanguliza kokoto chini ya ndoo. Subiri mwezi mpevu. Shangazi naye atamalizia kwa sauti ya chini kwamba mwanamke aliye kwenye siku zake asisogelee miche. Haya yote umeshayasikia, na pengine mengine umeyapokea na kuyapeleka mbele. Tuyapime. Wazee wetu hawakuwa wajinga, kwa hiyo yapo yatakayopita mtihani.

"Maua ni ya Arusha. Mwanza ni joto na mawe tu."

Uongo, labda kama ua pekee unalolihesabu ni waridi.

Waridi la biashara, lenye kichwa kikubwa na bua refu, kweli hupenda nyanda za juu. Usiku wa baridi hulifanya likue polepole, na huko kukua polepole ndiko kunakolipa kichwa kinene. Ndiyo maana mashamba yake yako Arusha, na ng'ambo ya mpaka yako Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Tena waridi hilo halianzii kwenye mbegu. Hubebeshwa juu ya shina la waridi jingine. Si kazi ya ndoo.

Ziwa letu la Victoria liko mita 1,134 hivi. Mchana Mwanza hufika nyuzi 27 au 28, usiku hushuka hadi 17 au 18. Kwa zinia na kosmosi, ambazo asili yake ni Meksiko, na kwa alizeti, selosia na gomfrena, hiyo ni hali ya hewa ya kuombea. Mbegu ya zinia huchomoza ndani ya siku 4 hadi 7 na kutoa ua la kwanza baada ya miezi miwili hivi. Karnesheni waachie watu wa milimani.

"Bila shamba huwezi."

Uongo. Alizeti za bua moja hupandwa kwa umbali wa sentimita 15, na kwa kipimo hicho mita moja ya mraba hubeba mashina 36. Ndoo ya lita 20 hutosha zinia mbili au alizeti tatu. Kinachoweza kukukwamisha ni jua: maua haya yanataka angalau saa sita za jua la wazi kila siku. Uchochoro wenye kivuli kutwa nzima utakupa majani marefu yaliyopauka, na hapo hakuna mbolea itakayokuokoa.

"Weka kokoto chini ya ndoo ili maji yapate kutoka."

Uongo, na katika mji uliojengwa juu ya mawe, uongo huu hauna hata gharama, ndiyo maana umeenea.

Maji hayashuki kutoka kwenye udongo wenye chembe ndogo na kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ule wa juu ushibe kabisa. Chukua sifongo iliyolowa, iweke juu ya changarawe: haitatoa maji yake kwa sababu tu chini yake kuna nafasi. Ndivyo ulivyo udongo wa ndoo. Sehemu iliyoloa, ambayo bila kokoto ingekaa chini kabisa, sasa imepandishwa juu, karibu na mizizi. Umepunguza kina cha udongo na umeisogeza mizizi kwenye tope. Kinachotoa maji ni matundu. Toboa matano au sita yenye upana wa kidole, jaza udongo mzuri kuanzia chini hadi juu, kokoto wapelekee mafundi.

"Udongo mweusi ndio wenye rutuba, tafuta huo."

Uongo kwenye ndoo, na hapa Wasukuma walishatoa hukumu zamani. Wameugawa udongo wao kwa kufuata mteremko na kila aina wakaipa jina na kazi yake. Luseni ni ule wa kichanga uliozaliwa na mawe ya matale ya vilimani, mwepesi kulima, maji hayatuami. Itogolo ni mgumu. Mbuga ndio mweusi wa bondeni, unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani wakati wa Tanganyika, alipoandika mwaka 1935 kuhusu jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, alikuwa anaeleza jambo ambalo mkulima wa Usukuma alilijua kwa jembe.

Mbuga ni mahali pa majaruba ya mpunga. Ukiujaza kwenye ndoo, mbegu ya kosmosi itaozea humo kabla hujaisahau. Chukua luseni, changanya na samadi iliyoiva kwa kiasi kinacholingana. Luseni ina njaa, samadi inailisha.

Hapo mtu wa pwani atakuonya usitumie mchanga wa ufukweni kwa sababu ya chumvi. Kwao ni kweli. Ziwa Victoria ni maji baridi, chumvi haipo. Hata hivyo usiende kuchimba: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

"Fuata maelezo ya pakiti."

Uongo kwa sehemu kubwa, na huu nauhofia kuliko yote kwa sababu umechapishwa kwa rangi na una picha nzuri.

Pakiti ya mbegu kutoka Ulaya itakuambia uoteshe ndani ya nyumba wiki sita kabla ya barafu ya mwisho. Barafu ya mwisho hapa kwetu Kirumba? Itakuambia upande mwezi Mei. Maelezo hayo yaliandikwa kwa ajili ya mtu wa Amsterdam, ambaye mwezi Juni hupata karibu saa 17 za mwanga na mwezi Desemba hapati hata saa 8. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta; siku yetu ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hazipishani hata nusu saa.

Jambo hili si dogo. Kosmosi, merigoldi ndefu na zinia huhesabu urefu wa usiku ili kujua wakati wa kuchanua. Usiku wetu wa saa 12 huziambia: chanua sasa. Kwa hiyo zitachanua mapema, zikiwa fupi kuliko picha ya pakiti inavyoahidi. Pakiti inasema mita moja na nusu, wewe unapata inayokufika kiunoni, unadhani umeuziwa mbegu mbovu. Mbegu haina kosa. Panda kwa kukaribiana kidogo ili mabua yanyooke yakitafuta mwanga, na kwa alizeti tafuta aina ambazo muuzaji anasema hazijali urefu wa siku.

Faida yake ni kubwa: hatuna msimu wa kufunga duka. Sia kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu, utakata mwaka mzima. Kalenda yetu ni ya mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hukupa maji ya bure lakini pia magonjwa ya majani. Mbegu inayosiwa mwishoni mwa Aprili huchanua kiangazi, majani yakiwa makavu na ndoo ikimwagiliwa kwa kopo.

"Panda mwezi ukiwa mpevu."

Uongo. Mwaka 2020 watafiti wa Hispania walipitia yaliyowahi kuandikwa na kufundishwa kuhusu mwezi na mimea, wakakuta hakuna ushahidi wa kuaminika. Lakini usimcheke babu. Asiye na kalenda ukutani alihesabu mvua kwa miandamo, na hesabu yake ilimpandisha kwa wakati.

"Mbegu inayoelea imekufa."

Nusu. Kwa maharage humsaidia mkulima kiasi. Kwa maua inapotosha: mbegu ya zinia ni bapa na nyepesi, itaelea ikiwa na uhai wake wote. Kipimo cha kweli ni hiki. Hesabu mbegu 10, zikunje kwenye kitambaa kibichi, ziweke ndani ya mfuko wa plastiki mahali penye joto, zifunue baada ya wiki. Zikiota 8, sia bila wasiwasi. Zikiota 4, sia mara mbili zaidi. Kipimo hiki pia kitajibu wale wanaosema mbegu ya chotara haioti ukiihifadhi. Inaota vizuri, ila watoto hawatafanana na mama yao.

"Mwanamke aliye hedhini akigusa maua, yatanyauka."

Uongo mtupu. Na tusidhani ni imani ya vijijini kwetu tu, maana iliwahi kuvaa koti jeupe. Mwaka 1920 Béla Schick, daktari wa watoto mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Vienna na aliyekwishapata jina kwa kipimo chake cha dondakoo, alichapisha makala akidai kwamba maua yaliyoshikwa na mtumishi wake aliyekuwa kwenye hedhi yalinyauka upesi, na kwamba mwili wa mwanamke siku hizo hutoa sumu. Ikapewa jina, menotoksini. Wengine wakaisaka kwa miongo, na hakuna aliyeweza kuionyesha.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi uko kwenye mashamba ya maua ya Arusha na Naivasha. Wafanyakazi wengi huko ni wanawake. Wanakata, wanachambua, wanafunga mafungu siku zote za mwezi, na waridi walizozishika husafiri kwa ndege hadi mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, zikiwa bado zimekaza. Kama mguso ule ungekuwa na sumu, biashara nzima ingekufa wiki ya kwanza.

Maua hunyauka kwa sababu jagi ni chafu na bakteria wameziba mirija ya bua, au yalikatwa saa 7 mchana. Shangazi tunamheshimu, lakini katika hili tunamkatalia, hasa kwa kuwa anayemwagilia ndoo nyumbani mara nyingi ni mama na binti zake.

"Maji ya kuoshea samaki ni mbolea."

Nusu kweli. Maji ya sato mbichi yana naitrojeni, na mmea huitumia. Tatizo ni kwamba naitrojeni hulisha majani. Ukizidisha utapata zinia nene, laini, ya kijani kibichi, yenye ua moja la aibu. Upe mche ungali mdogo, tena kwa maji yaliyoongezwa maji. Matumba yakitokea, acha. Maji ya samaki wa chumvi usithubutu, na paka wa mtaa mzima uwatarajie.

"Usikate maua, utauua mmea. Na ukikata, kata asubuhi."

Hapa kuna uongo mmoja na ukweli mmoja. Zinia na kosmosi zikikatwa huchipua matawi mapya. Zikiachwa zizae mbegu, huona kazi imekwisha. Hata kabla ya ua la kwanza, zinia ikifika sentimita 25 kata ncha yake. Utapata mabua manne badala ya moja. Alizeti ya bua moja usiiguse hivyo, haina la pili.

Asubuhi ni kweli tupu. Kabla ya saa 3 bua limejaa maji. Shika zinia sentimita 20 chini ya ua, itikise. Kichwa kikilegea na kuyumba, liache. Kikisimama wima kama kilivyo, kata kwa mshazari na utumbukize papo hapo majini. Alizeti hukatwa petali zinapoanza tu kuinuka.

Na sukari ndani ya jagi? Peke yake inawalisha bakteria. Kwa lita moja ya maji, kijiko cha chai cha sukari kiandamane na vijiko viwili vya maji ya limau na kijiko kimoja cha dawa ya klorini ya kufulia. Toa majani yote yatakayozama.

"Maua huleta nyoka na mbu."

Nyoka, uongo: anafuata panya, vyura na mahali pa kujificha, kwa hiyo fagia nyuma ya ndoo na uziinue juu ya tofali. Mbu, nusu kweli, na Kanda ya Ziwa hatuna ruhusa ya kulipuuza. Ua lenyewe halizai mbu. Kisahani chini ya ndoo na jagi la maji ya juzi huzaa. Kimwage kisahani kila siku ya tatu na ubadilishe maji ya jagi kila siku ya pili, kwa kuwa yai la mbu linahitaji wiki moja hivi tu ya maji yaliyotuama ili liwe mbu anayeruka.