Udongo Hauzaliwi Mbovu

Mahubiri mengi juu ya mfano wa mpanzi huishia kuwagawa wasikilizaji mafungu manne: wewe njia, yule mwamba, wale miiba, na sisi tuliokaa viti vya mbele ndio udongo mzuri. Mkulima wa Mlalo au Soni, milimani Usambara, akiyasikia ana haki ya kuguna. Kwake udongo si kabila ambalo mtu huzaliwa nalo.

Katika miteremko ya huko, shamba moja huwa na udongo wa namna zote nne. Pembeni kuna kijia cha mkato kilichokanyagwa hadi jembe linadunda. Juu, masika imeshusha udongo wote wa rutuba na mwamba umekaribia. Hapo maharage huwahi kuota, kwa kuwa udongo mchache hupata joto haraka. Jua likikaza kidogo, yananyauka. Marko, katika sura ya 4, anaeleza jambo hilohilo: mche ulichipuka upesi kwa sababu udongo haukuwa na kina. Waumini wanaowaka moto wiki ya mkutano wa injili na kupoa mwezi unaofuata walijulikana tangu zamani.

Mtaalamu wa Agano Jipya Joachim Jeremias alidai kwamba huko Palestina mbegu ilimwagwa kwanza, jembe likafuata. Wengine walimpinga, na mjadala haujaisha. Lakini kama alikuwa sahihi, ile njia ilikuwa sehemu ya shamba inayosubiri kulimwa. Yeremia na Hosea nao waliwaambia watu wao walime mashamba yao yaliyokaa bila kulimwa. Manabii hao hawakuona moyo mgumu kuwa hukumu isiyobadilika. Waliuona kuwa kazi.

Kazi yenyewe hufanywaje? Mlalo, ambako wamisionari Wajerumani wa Misheni ya Betheli walifika mwaka 1891, pana somo ambalo mimbari hailitumii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, kwa amri na adhabu. Mzigo wa jembe uliwaelemea zaidi wanawake. Watu walikasirika, chama cha TANU kilichodai uhuru kikapata wafuasi, na mpango ukafa kabla ya uhuru. Kitaalamu matuta yenyewe hayakuwa upuuzi. Miaka ya 1980 mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP, uliosaidiwa na Wajerumani, uliirudia kazi hiyo wilayani humo, Lushoto, kwa njia nyingine: majani ya Guatemala yapandwe kwa kukingama mteremko, ng'ombe afungiwe zizini alishwe hayo majani, samadi irudi shambani. Mkulima alipoona faida ya ng'ombe, udongo nao ukapata kinga. Mzee wa kanisa anayedhani kumtenga mtu na Meza ya Bwana kunatosha kumlainisha, aitazame historia hiyo.

Miiba nayo hufafanuliwa vibaya. Hata bondeni kwenye rutuba, panapolimwa kabeji na karoti za kupeleka Dar es Salaam, gugu husitawi pamoja na zao. Marko hasemi mche uliosongwa na miiba ulikufa, anasema haukuzaa. Msharika wa namna hiyo yupo: bahasha yake inafika, kwaya anaimba, ila akili yote iko kwenye bei ya nyanya na deni la mbolea. Hahitaji kufokewa. Anahitaji wenzake wa jumuiya wampunguzie hofu ya deni, ikibidi kwa kuchanga.

Hapo ndipo tafsiri ya kila mtu na moyo wake inaposhindwa kabisa. Mlimani, maji yanayobomoa shamba la chini hutoka shamba la juu. Asiyekinga kwake anamharibia jirani.

Tena kazi hiyo inataka subira: shamba jipya la ngazi lililochimbwa mlimani mara nyingi hutoa mavuno kidogo msimu wa kwanza, kwa kuwa udongo wa chini usio na rutuba umeletwa juu. Mfano nao haudharau mavuno kidogo. Luka anataja mavuno ya mara 100 tu, na Mathayo anaanza na 100 akishuka. Marko anaanza na 30, na hiyo 30 anaihesabu kuwa zao la udongo mzuri.