Mita 750 za Maji na Neno Moja Gumu

Mwezi Julai, Mungu akipenda, wanachama sita wa chama chetu tutashiriki triathloni yetu ya kwanza hapa Uingereza. Tunachangisha fedha kwa ajili ya Macmillan, shirika linalowasaidia wagonjwa wa saratani na familia zao. Wengi wenu mmetuuliza baada ya vipindi: triathloni ni kitu gani, na mnajitesa kwa nini? Tunawajibu hapa.

Triathloni ni michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Iliingia kwenye Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney, na mwaka 2012 wanamichezo waliogelea hapa London, katika ziwa la Serpentine ndani ya Hyde Park. Masafa ya Olimpiki ni mita 1,500 majini, kilomita 40 kwa baiskeli na kilomita 10 kwa miguu. Sisi tumechagua nusu yake: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5.

Nusu hiyo si mchezo. Katika bwawa la mita 25, mita 750 ni kukata bwawa mara 30. Wazazi wa wanne kati yetu wanatoka Unguja, Tanga na Mombasa, kwa hiyo watu walidhani tumezaliwa na mapezi. Wapi! Wawili tulianza kwa kushikilia ukingo wa bwawa, watoto wadogo wakitupita.

Ziwani ni habari nyingine. Baridi hukata pumzi pale pale unapoingia. Mwalimu wetu wa kuogelea alitufundisha tusipapatike: lala chali, elea, subiri pumzi zitulie, ndipo uanze. Maji ya ziwa hayana chumvi, hivyo hayakubebi kama ya bahari. Suti ya mpira husaidia kuelea na kupunguza baridi. Dada zetu wanaovaa hijabu wameipenda, maana inafunika mwili kuanzia shingoni hadi vifundoni, na kofia ya kuogelea huvaliwa na kila mtu.

Jumamosi tunaendesha baiskeli za kuazima, kisha tunashuka na kukimbia papo hapo. Ni lazima kuzoea, kwa sababu miguu iliyotoka kuzungusha pedeli huwa mizito kama magogo kwa dakika kadhaa.

Hata hivyo, kazi iliyotutoa jasho zaidi imekuwa kuomba michango. Tulipita kwa jamaa, kwenye harusi na baada ya ibada. "Shikamoo mama mkubwa, tunachangia wagonjwa wa saratani." Hapo sauti hushuka. Wengine husema "ugonjwa ule", wengine "maradhi makubwa", kisha mazungumzo yanahamia kwenye chai. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nyumbani kwetu jina lenyewe la maradhi ndilo lililofichwa.

Mmoja wetu alifiwa na shangazi yake akiwa na miaka tisa. Watoto waliambiwa ni "tumbo". Mwaka huu, fomu ya michango ikiwa mezani, baba yake alilitaja kwa mara ya kwanza: saratani ya shingo ya kizazi. Akaweka pauni 20, akanyamaza kidogo, halafu akaanza kusimulia habari za dada yake mpaka usiku.

Saratani hiyo husababishwa zaidi na kirusi kiitwacho HPV. Chanjo ipo: Uingereza ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2008 na wavulana mwaka 2019, na Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018. Hapa England wanawake huanza kuitwa kupimwa wanapokaribia miaka 25, umri ambao hauko mbali nasi. Ni vigumu kumkumbusha dada yako akapime ugonjwa ambao familia haiutaji.

Mjomba mmoja alituuliza kwa nini fedha hizi zisiende Ocean Road, Dar es Salaam. Ni swali la haki, na tungependa siku moja kuchangia huko. Safari hii tumewafikiria wazee wetu wa hapa. Baadhi yetu tumewahi kukaa kati ya daktari na bibi, tukiwa bado shuleni, tukitafuta Kiswahili cha "mionzi" na cha "imesambaa". Mjukuu hapaswi kuwa ndiye wa kumpa bibi yake habari hiyo. Macmillan, iliyoanzishwa mwaka 1911 na Douglas Macmillan baada ya baba yake kufa kwa saratani, ina simu ya msaada ambayo humtafutia mpigaji mkalimani. Mwambieni mzee yeyote anayehitaji: inatosha kutaja kwa Kiingereza kwamba unataka kuzungumza Kiswahili.

Lengo letu ni pauni 1,500, na tumeshavuka nusu. Sanduku la michango lipo mezani kila mkutano wa chama. Hata pauni moja inapokelewa. Walimu wetu, tunawangoja pia. Na asiyependa maji, aje siku yenyewe atushikie mataulo.