Mama anayekaa karibu na mlango: mkojo unaotoka baada ya kuzaa



Leo tunasema jambo ambalo halisemwi mimbarani. Katika paruasi moja tuliyohudumia, mama mmoja wa kwaya aliacha kuimba baada ya kuzaa mtoto wa nne. Akawa anakaa nyuma, karibu na mlango, na kutoka kabla ya baraka. Sisi tukasema amepoa kiroho. Tulimtembelea mara mbili, tukamwombea na kumfundisha juu ya kurudi nyuma. Mara ya tatu tulimtuma mama mchungaji peke yake, naye akaambiwa ukweli: akiimba kwa nguvu mkojo unamtoka, na anaogopa kulowesha benchi. Tulikuwa tumemhubiria toba, kumbe shida yake ni misuli.

Chini ya tumbo, kati ya mifupa ya nyonga, kuna misuli iliyotandikwa kama kipoyi. Hiyo ndiyo inayobeba kibofu, tumbo la uzazi na utumbo. Mimba inailemea, na mtoto akipita inavutwa sana. Kwa hiyo mama akikohoa, akicheka au akiinua ndoo ya maji, kibofu kinasukumwa toka juu na misuli inashindwa kufunga mlango wake. Duniani, karibu mwanamke mmoja kati ya watatu anaonja shida hii baada ya kuzaa. Si laana, wala hakuna aliyemroga.

Misuli hii inaweza kurudishiwa nguvu. Daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi yake mwaka 1948, na mpaka leo wakunga wanayafundisha. Mama akojoe kwanza, kisha akae au alale. Akaze ndani kama mtu anayezuia mkojo na upepo pamoja, bila kubana matako wala kuzuia pumzi. Ahesabu mpaka 5, aachie, apumzike kwa hesabu ileile. Afanye hivyo mara 10, asubuhi, mchana na jioni, kwa muda wa miezi 3 bila kuchoka. Hakuna anayeona, hata mchungaji akirefusha mahubiri, mama anaweza kufanya zoezi lake palepale kwenye benchi. Ila asiwe anafanya zoezi kwa kukata mkojo katikati anapokojoa.

Wengi wanaacha kunywa maji ili wasilowe. Hilo linaharibu zaidi, kwa sababu mkojo mzito unakiudhi kibofu. Na kama mkojo unachoma au kuna homa, aende kituo cha afya, maana hapo kuna ugonjwa wa kutibiwa kwa dawa.

Sasa ninyi wababa. Huku kwetu mama anapanda mlima na kikapu cha mihogo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na mtoto mchanga kifuani. Mzigo huo unasukuma palepale palipolegea. Majuma ya kwanza baada ya kuzaa, kuni na maji vibebwe na wengine wa nyumba. Tunajua wapo watakaocheka wakimwona mwanaume na dumu kichwani. Wacheke.

Kuna shida nyingine ambayo mazoezi hayaiponyi. Kama mkojo unatoka bila kukoma, usiku na mchana, hata mama akiwa amelala tu, hiyo inaweza kuwa fistula. Inakuja hasa pale uchungu unapodumu zaidi ya siku nzima bila msaada: kichwa cha mtoto kinabana kibofu kwenye mfupa, nyama inakufa, na baada ya siku chache tundu linafunguka. Mara nyingi mtoto naye amekufa. Katika nchi yetu ya vita, ubakaji pia umewaletea wanawake na wasichana tundu hili.

Lemera inalijua jambo hili toka zamani. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, alianza kazi katika hospitali yetu ya misioni mwaka 1983. Aliona wamama wakibebwa toka vijiji vya mbali wakiwa wamechelewa mno, ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, akarudi Lemera mwaka 1989. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ilishambuliwa, wagonjwa na wahudumu wakauawa. Mwaka 1999 Hospitali ya Panzi ilianzishwa Bukavu chini ya CEPAC, na huko fistula inashonwa mpaka leo.

Mama ambaye mkojo umeanza kumtoka hivyo siku za kwanza baada ya kuzaa asingoje mwezi uishe. Tundu dogo likiwa bado bichi, pengine linafunga lenyewe akiwekewa sonde mapema na kukaa nayo majuma kadhaa. Likichelewa, linahitaji upasuaji. Baada ya upasuaji, karibu miezi 3 habebi mzigo wala halali na mume, na mimba inayofuata azalie hospitali, kwa kawaida kwa kupasuliwa. Mume aelezwe hayo yote mama akiwa bado kitandani, tena mbele ya mchungaji kama mama anakubali, maana tumeona ndoa zikivunjika nyumbani wakati kidonda kimepona vizuri.