Zawia ya Blagaj: gharama yake inaanzia mlimani

Zawia ya Blagaj, makao ya Masufi yaliyo kilomita 12 hivi kutoka mji wa Mostar nchini Bosnia na Herzegovina, ni ndogo. Yamesalia majengo mawili yaliyoshikana: nyumba ya wageni yenye ghorofa moja, na chumba chenye makaburi mawili, moja likinasibishwa na walii Sari Saltuk. Msafiri Evliya Çelebi aliifikia mwaka 1664. Nyumba inayoonekana leo ilijengwa upya mwaka 1851 kwa amri ya jemadari wa Osmani, Omer Pasha Latas.

Kilichoizunguka ndicho kikubwa. Nyuma yake jabali la chokaa limesimama wima kwa mita 200 na zaidi. Pangoni chini ya jabali hilo unachipuka mto Buna, ambao baada ya kilomita 9 tu unaingia Neretva. Kwa wastani chemchemi hutoa zaidi ya lita 20,000 kila sekunde. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku moja, upate zaidi ya lita bilioni 1.7. Kwa lita 100 kwa mtu, hayo yangetosha watu milioni 17, ilhali Bosnia nzima haifikishi milioni 4.

Maji hayo hayazaliwi pangoni. Sehemu kubwa huzama ardhini katika bonde la Nevesinje, takriban kilomita 20 mashariki na mamia ya mita juu zaidi, kisha hupita kwenye nyufa za chokaa. Nyufa hazichuji kama mchanga: uchafu unaomwagwa Nevesinje waweza kuibukia mlangoni pa zawia.

Hapo ndipo hesabu ya gharama ya kuihifadhi zawia inapobadilika. Kukarabati paa na kuta ni kazi ya fundi na msimu mmoja au miwili. Lakini mradi wa umeme wa Dabar, wa megawati 160 hivi, umepangwa kuyachukua maji ya bonde hilohilo kwa handaki la takriban kilomita 12. Mto ukipungua, hakuna bajeti ya ukarabati itakayourudisha.

Blagaj imo katika orodha ya awali ya UNESCO tangu 2007. Ulinzi wake usipimwe kwa eneo la majengo na ua. Masufi waliiweka zawia yao penye chemchemi hii. Anayetaka kuihifadhi zawia lazima alinde bonde la Nevesinje, na atenge fedha kwa kipimo hicho.