Baiskeli katika Njia za Farasi: Haki Yako na Mipaka Yake

Wengi wanaonunua baiskeli ya milimani nchini Uingereza huambiwa dukani kwamba itawafikisha kokote. Kisheria haiwafikishi kokote. Hata hivyo, tumeona inafaa kuanza na upande wa pili wa jambo hili, kwani wapo waendesha baiskeli wanaogeuza na kurudi nyumbani kwa sababu ya kibao kilichopigiliwa langoni, ilhali sheria iko upande wao.

Njia ya farasi ni njia ya umma inayopita mashambani, misituni au vilimani, ambayo watu wana haki ya kuipita kwa miguu, kwa kupanda farasi au kwa kumwongoza. Ardhi yenyewe kwa kawaida ni mali ya mtu binafsi. Kilicho cha umma ni haki ya kupita. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Maeneo ya Mashambani ya mwaka 1968 kiliwapa waendesha baiskeli haki hiyo pia. Haihitaji kibali wala ada, na mwenye shamba hawezi kuiondoa kwa kauli yake. Maelezo haya yanahusu Uingereza yenyewe na Wales. Uskoti ina sheria yake ya mwaka 2003, ambayo ni pana zaidi.

Utaitambuaje njia hiyo? Mishale ya buluu huonyesha njia ya farasi, na ya manjano huonyesha njia ya miguu, ambayo huna haki ya kuipita kwa baiskeli. Kuendesha katika njia ya miguu bila ruhusa ya mwenye ardhi kwa kawaida si jinai, bali ni kosa la madai: anaweza kukutaka uondoke, na anaweza kukushtaki. Mfano mzuri wa tofauti hii ni South Downs Way, njia ya takriban kilomita 160 kutoka Winchester hadi Eastbourne. Baiskeli zinaruhusiwa kuifuata mwanzo hadi mwisho, lakini ukifika Alfriston njia inagawanyika. Tawi la pwani, lipitalo kwenye majabali ya Seven Sisters, ni la waendao kwa miguu. Mwendesha baiskeli hupaswa kushika tawi la bara, kupitia Jevington. Mandhari ya pwani ndiyo maarufu zaidi, na hapo ndipo wengi hupotoka.

Mshale unaweza kung'olewa au kufunikwa na majani. Kinachoamua ni ramani rasmi ya njia za umma inayotunzwa na halmashauri ya eneo. Njia ikionyeshwa humo kuwa ya farasi, huo ni ushahidi kamili wa haki ya umma, na mwananchi yeyote anaweza kuomba kuitazama. Kuweka tangazo la uongo au la kupotosha ili kuwazuia watu wasitumie njia iliyomo katika ramani hiyo ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1949. Ukikuta tangazo la namna hiyo, au lango lililofungwa kwa kufuli, usibishane na mtu uwanjani. Piga picha, andika tarehe na mahali, kisha uiarifu halmashauri, ambayo ina wajibu wa kisheria wa kulinda haki ya umma ya kupita.

Sheria ya 1968 ilitoa haki hii kwa sharti moja: mwendesha baiskeli lazima awapishe waendao kwa miguu na wapanda farasi. Hili ni agizo la sheria, na si suala la adabu pekee. Farasi ni mnyama mwepesi wa kushtuka, na baiskeli inayomjia kutoka nyuma bila sauti humtia hofu kuliko gari analolisikia kwa mbali. Akiruka, anayeanguka ni mtu aliye juu yake. Kwa hiyo punguza mwendo mapema, piga kengele au toa sauti ya upole, subiri mpandaji akujibu, na usimpite farasi kwa upande wake wa kushoto. Kuendesha kwa hatari au kwa uzembe ni kosa katika njia ya farasi kama lilivyo barabarani.

Usitarajie njia laini. Sheria hiyo hiyo inatamka kwamba haimlazimishi mtu yeyote kufanya lolote ili kuwarahisishia waendesha baiskeli. Tope linalomfaa farasi linatosha. Hata hivyo, mkulima aliyelima njia inayokatiza katikati ya shamba anatakiwa kuirejesha ndani ya siku 14, na njia ipitayo ukingoni mwa shamba hairuhusiwi kulimwa kamwe.

Halmashauri inaweza kuizuia haki hii kwa amri au sheria ndogo. Pengine watu hukubaliana tu: katika njia za farasi zipandazo mlima Yr Wyddfa, uitwao pia Snowdon, waendesha baiskeli huombwa kutopanda wala kushuka kati ya saa 4 asubuhi na saa 11 jioni, tangu Mei 1 hadi Septemba 30. Ni mapatano ya hiari, nasi tunashauri yaheshimiwe.

Mwisho, baiskeli ya umeme. Inaruhusiwa ikiwa ina pedali zinazoiendesha, mota yake haizidi wati 250, inaacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa, na mwendeshaji ametimiza miaka 14. Ikizidi hapo, sheria huihesabu kuwa pikipiki, na kuiingiza katika njia ya farasi ni jinai. Omba muuzaji akuandikie kwenye risiti nguvu ya mota na kikomo cha mwendo. Ikiwa alikuhakikishia kwamba inaruhusiwa njiani na ikabainika kuwa sivyo, bidhaa hiyo hailingani na maelezo yake. Chini ya Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 unaweza kuirudisha ndani ya siku 30 na kudai fedha zako zote.